Mbwa Waliovaa Masale

Jumatatu, 1 Machi 1982

Sista Epifania wa misheni ya Kibosho amenishauri kwamba mtu asiyeweza kukaa kitako aandike, maana kalamu itamfunga kitini. Basi nimekaa. Dakika tatu zimepita na mguu wa kushoto unacheza wenyewe chini ya meza.

Mvua ya kwanza imepiga mabati ya ofisi mpaka mkuu wangu, Ndugu Wenseslaus, akawa anapaza sauti kama yuko kwenye mkutano wa hadhara. Amenikabidhi kazi ya masika yote: kuchanja mbwa wa Uru na Kibosho dhidi ya kichaa, niwe nimemaliza kabla mahindi ya mashamba ya chini hayajabeba. Dozi mia nne. Mikanda ya kuwavalisha waliochanjwa, sitini.

"Mikanda sitini kwa mbwa mia nne?" nikauliza.

"Ndugu Kornelia, tumia akili."

Akili ndiyo bidhaa pekee ambayo haijaadimika mwaka huu, kwa hiyo tunagawiwa bila foleni.

Alhamisi, 4 Machi

Amekuja Mzee Ndelilio, askari wa wanyamapori wa kule Kahe. Shikamoo yangu ameipokea huku anatazama kasha la dawa, na kiti amekikataa. Huyu ndiye ninayemsikia tangu nikiwa mdogo: zamani, mbwa mwitu walipohesabiwa kuwa waharibifu, hakuna aliyewapiga risasi wengi kumzidi yeye. Sikumpenda hata kidogo.

"Bibi Mifugo," akasema, "wamebaki kumi na mmoja."

Akanieleza. Mwaka juzi ng'ambo ya mto kulikuwa na kundi jingine, mbwa mwitu kumi na saba. Mbwa mmoja wa kufugwa akashuka na kichaa chake, akang'atana nao. Ndani ya mwezi mzee akaokota mizoga kumi na sita. Wa kumi na saba hakumwona tena.

Nikauliza ilikuwaje wafe wote wakati walioumwa ni mmoja au wawili.

"Wanapendana mno, mwanangu. Mmoja akirudi kutoka mawindoni wenzake wanamlamba mdomo. Watoto wanalishwa nyama ya kutapikiwa. Akiugua mmoja, amewapa wote."

Hao kumi na mmoja ndio pekee waliobaki upande wetu wa mlima. Jike mkubwa ana mimba. Atazaa karibu na mashamba yetu ya mahindi, kule chini tunakokuita porini, na mwezi wa sita watu wa mlimani tutashuka kulinda mahindi yasiliwe na ngedere, kila mtu na mbwa wake nyuma. Mzee hakuomba kitu. Amevaa koti lake lililolowa akaondoka, na mimi nikabaki nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani.

Jumatatu, 8 Machi

Kibosho. Barafu nimepewa na masista kutoka kwenye friji lao la mafuta ya taa. Mbwa ishirini na tisa. Watu wanasema mbwa akichanjwa habweki tena. Mwanamume mmoja akaniambia, "Kama inanyamazisha kweli, subiri hapo nimlete mama mkwe." Mama mkwe alikuwa nyuma yake na mzigo wa majani ya ng'ombe. Sikungoja kuona mwisho wake.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua. Gari limekwama. Nimetembea.

Jumanne, 16 Machi

Mvua.

Jumatatu, 22 Machi

Uru. Balozi wa nyumba kumi ni Mzee Aristides, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, ambaye kila nikimkuta ana kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Amenikaribisha, amenisifu, ameniambia chanjo ni jambo jema kwa taifa. Mbwa wake?

"Wamekwenda kutembea."

Nikawasikia wakilia ndani ya stoo ya kahawa. Nikamwambia mbwa wako wanatembea ndani ya gunia? Akacheka mpaka kofia ikaanguka, na mlango hakuufungua. Huyu ndiye kiongozi. Nimeshuka mteremko nikiongea peke yangu kama mwehu.

Jumatatu, 29 Machi

Mkanda wa mwisho umevaliwa leo na mbwa kipofu wa mjane mmoja wa Uru. Mbele yangu mbwa wanane wamepanga foleni, na sina cha kuwatia alama. Rangi hakuna dukani. Kamba hakuna. Nikatazama mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, nikaona masale, mimea ya mpaka, yamesimama pale, marefu, ya kijani, majani kama mikanda iliyokwisha kukatwa. Nikachuma, nikafunga fundo shingoni. Limekaa vizuri kabisa. Wenye mbwa wakatazamana.

Nimejiona nina akili sana.

Jumamosi, 3 Aprili

Nimekuja nyumbani Kibosho. Habari zilifika kabla yangu. Mama alikuwa akikoroga mtori, hakuniitikia shikamoo mpaka alipoweka mwiko chini.

"Umefunga isale shingoni mwa mbwa?"

"Ni alama tu, Mama."

"Isale si kamba, Kornelia. Babu yako alimuua mtu kwa bahati mbaya wakikata mti. Alikwenda kwa wafiwa na jani moja la isale, na hawakumgusa. Hawakuweza kumgusa. Wewe unamvalisha mbwa?"

Damian, kaka yangu, akasema labda sasa mbwa watasameheana. Tukacheka mimi na yeye. Mama hakucheka.

Mbwa wetu Karani amenirukia na matope yake yote. Anaitwa hivyo kwa sababu hukaa getini na kuwatazama wageni kwa dharau, kama vile hawana barua. Nitamchanja Jumapili ya Pasaka nikija na kasha.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Mvua imeangusha daraja, masista wako ng'ambo ya pili na barafu yao. Tumekula machalari ya ndizi na nyama. Nimelala mchana kutwa, jambo ambalo halijatokea tangu nimalize shule.

Jumatano, 21 Aprili

Kitu cha ajabu: sasa wananiita wenyewe. Leo mbwa arobaini na mmoja. Mama mmoja wa Uru amembeba mbwa wake mgongoni kwa khanga, akataka "lile jani la serikali." Nimemwandikia Mzee Ndelilio kwamba kazi inakwenda. Ndugu Wenseslaus ameuliza idadi, nikampa: mia mbili na hamsini na tatu. Hakuuliza majina ya wenye mbwa, nami sijayaandika. Ningeandika majina ningekuwa bado niko kwenye mbwa wa mia.

Jumatatu, 3 Mei

Himo mbwa mwenye kichaa ameuma ng'ombe wawili na punda. Amri imetolewa: kuanzia tarehe kumi, mbwa asiye na alama atapigwa risasi popote atakapoonekana. Jana ilisomwa makanisani.

Jumatano, 12 Mei

Wapigaji wamezunguka Uru siku mbili na wamerudi bila kupiga mbwa hata mmoja. Wote wana alama. Ndugu Wenseslaus amenishika mkono mbele ya ofisi nzima. Kwa saa moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Moshi.

Kisha nikafungua daftari. Nimechanja mbwa mia mbili na themanini na saba. Wapigaji wanasema wamepita zaidi ya mbwa mia tatu wenye alama, na bado Kibosho hawajafika.

Ijumaa, 14 Mei

Nimekwenda Uru kwa miguu kwa sababu kungoja gari kungenipasua. Kwenye nyumba ambayo sijawahi kukanyaga, jike mwenye watoto: isale. Mbele kidogo, mbwa mwenye vidonda ambaye ningemkumbuka: isale. Na mbuzi. Mbuzi, jamani, amefungiwa isale asije akadhaniwa mbwa.

Nikamkuta Mzee Aristides ukumbini kwake. Mbwa wake watatu wamelala miguuni, kila mmoja na jani lake bichi.

"Wamechanjwa hao?"

"Wamevaa."

"Mzee, nimeuliza kama wamechanjwa."

Akaweka kibuyu chini. "Bibi Mifugo, wewe ni mtoto wa Kibosho au umetoka Ulaya? Mmesema asiye na alama atapigwa. Alama mmechagua isale. Yule mpigaji ni mtu wa Marangu, Mchaga mwenzetu. Amefika hapa, ameona, ameteremsha bunduki mwenyewe, akaniomba na maji ya kunywa. Nani atapiga risasi kitu chenye isale? Watu wameokoa mbwa wao. Hatukuiba chochote. Tumetumia jani letu."

Nikamwambia kwamba kichaa hakijui isale. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika, maana alikuwa mzee wa rika la baba yangu na mkewe alikuwa anasikia.

Njiani nimelia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu. Mimi ndiye niliyechuma jani la kwanza. Nilifanya makusudi kutofikiri, kwa sababu kufikiri kunachelewesha. Na kama ningeandika majina, leo ningepita na orodha nyumba kwa nyumba. Nina tarakimu tupu. Mia mbili na themanini na saba. Yupi? Dozi zimebaki mia moja na kumi na tatu, na kila mbwa mlimani amevaa alama yangu.

Jumatatu, 17 Mei

Sijala. Nimezunguka uwanja wa ofisi mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Jumapili, 23 Mei

Uru, baada ya misa ya pili. Niliomba nafasi ya kusema na watu uwanjani. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa mbili kuhusu hatari ya kichaa. Nilipowaona wamesimama pale na mbwa wao wenye masale, karatasi nikaikunja.

Nilikwenda hadi penye masale ya mpaka wa kanisa, nikachuma jani moja, nikalifunga fundo kama Mama alivyonifundisha jana jioni, nikampelekea Mzee Aristides kwa mikono miwili.

"Nimekosa," nikasema. "Nimechezea kitu chenu, nacho ni changu pia. Nawaomba mnisamehe, na mniambie kweli: mbwa gani sikumchoma sindano?"

Mtoto akakohoa. Nikadhani atacheka na kofia yake itaanguka. Akalipokea lile jani. Akalitazama, kisha akasema kwa sauti kubwa:

"Wangu. Wote watatu."

Baada yake mwanamke mmoja. Baada yake wengine, wakainua mikono, hata wale wa Kibosho waliokuja kusali huku. Mzee akaomba kalamu yangu. Kumbe aliwahi kuwa katekista, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Anajua kila mbwa wa Uru kwa jina, mama yake na tabia yake. Ameandika tisini na nne kabla jua halijawa kali. Kibuyu kilikuwa chini ya benchi na hakukigusa.

Jumatano, 26 Mei

Mzee Aristides ametembea nami toka asubuhi. Anapumua kama gari bovu na hataki kupumzika. Mbwa ishirini na wawili, majina ishirini na mawili.

Jumapili, 30 Mei

Nyumbani kwa saa mbili tu. Damian anakusanya vyombo vya kushuka navyo porini, mahindi yamebeba mapema. Karani ana isale lake, limekauka, anasubiri getini kama mwenye safari yake. Nimekunywa chai nikaondoka.

Jumapili, 6 Juni

Tumemaliza! Tisini na nne wote, jina kwa jina. Dozi kumi na tisa zimebaki. Mzee Aristides amenipa mkungu wa ndizi, nikamshukuru kwa Kichaga, "Aika mbe," akanijibu nisimtukane tena mbele ya mkewe, kwa sababu mkewe amelipenda lile tusi la siku ile ya mbwa watatu na analirudia.

Barua ya Mzee Ndelilio: jike amezaa. Watoto saba. Wakubwa bado kumi na mmoja.

Jumanne, 22 Juni

Damian amekuja kwa baiskeli kutoka porini, amefika ofisini akiwa mweupe kwa vumbi. Karani hakula siku tatu. Sauti ilibadilika, akawa analia kana kwamba kitu kimemkwama kooni. Jana aliuma mpini wa jembe mpaka damu ikamtoka, akakimbia kuelekea mtoni, upande walikozaa wale mbwa mwitu.

"Si alichanjwa?" Damian akaniuliza.

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Nikajaribu kukumbuka siku. Sindano. Mahali. Jumapili ya Pasaka daraja lilianguka.

Tumekwenda kwa Mama pamoja. Mama akasema, "Siku ile ya wapigaji nikaona hana alama. Nikajua wewe ulishamchanja, ni nani angemwacha mbwa wa kwao? Nikamvisha mwenyewe."

Na mimi tarehe thelathini Mei niliona jani shingoni, nikanywa chai. Mimi, niliyekuwa nimewaambia watu mia tatu kwamba jani lile si uthibitisho wa chanjo. Nililiamini kwa sababu lilikuwa nyumbani kwetu. Mganga hajigangi, wamesema wahenga, lakini hawakusema kwamba mganga huyo hujiona amejiganga tayari.

Damian ana kidonda kidoleni na Karani alikuwa akimlamba. Nimempeleka hospitali leo hii, ameanza sindano za tumboni.

Jumatano, 23 Juni

Kahe. Mzee Ndelilio ameshampiga Karani risasi, lakini baada ya ugomvi. Karani aliingia katikati ya mbwa mwitu mchana kweupe, wenyewe wamelala. Walimzunguka wakamrarua, naye akauma wawili kabla mzee hajapata nafasi: dume mwenye sikio lililochanika, na jike mdogo mwenye mkia mweupe karibu wote.

"Una hakika ni wawili?"

"Nimewaona wawili."

Kichwa cha Karani amekihifadhi kwenye ndoo chini ya majani mabichi. Hakuniuliza mbwa ni wa nani. Nami sikusema.

Alhamisi, 24 Juni

Kichwa kimewekwa kwenye barafu, kimepanda basi kwenda maabara. Ndugu Wenseslaus amesikiliza taarifa yangu amesimama dirishani.

"Wapigwe wote. Kumi na mmoja na watoto. Tukiacha, mwezi ujao wanawauma watu waliolala mashambani."

Nikabishana naye saa nzima. Nilisema walioumwa ni wawili, hao wapigwe leo kabla ugonjwa haujafika mdomoni, na wengine watazamwe. Nilisema ni wa mwisho. Akasema na watu wa Kahe nao ni wa mwisho, hawana wengine. Hilo ni kweli, na kwa mara ya kwanza nimeona kwamba halali vizuri mtu huyu, macho yake mekundu.

Mwishowe: wawili wapigwe. Waliobaki watazamwe mpaka tarehe thelathini na moja Julai. Ikionekana dalili kwa mmoja, kwa mmoja tu, wote wapigwe na tundu lichomwe.

Jumamosi, 26 Juni

Mzee Ndelilio amewapiga wawili. Aliniita niwepo. Sikwenda, nimeogopa.

Jumanne, 29 Juni

Majibu hayajaja.

Jumatano, 30 Juni

Hayajaja. Nimefua mapazia ya ofisi.

Jumatatu, 5 Julai

Majibu. Mstari mmoja: sampuli imefika imeharibika, haiwezi kupimwa. Basi liliharibikia njiani siku mbili, barafu ikayeyuka.

Kwa hiyo hatutajua. Kwamba Karani alikuwa na kichaa mimi sina shaka, lakini hakika yangu si kitu ambacho maabara inakipima. Labda wale wawili wamekufa bure. Au labda wamekufa kwa kuchelewa. Nimesoma ile karatasi mara kumi kana kwamba kuna mstari wa pili umejificha.

Jumapili, 11 Julai

Nimeshuka Kahe. Kabla ya kutoka Mama alinifuata getini na jani la isale, amelifunga mwenyewe. "Mpelekee yule mzee. Hawezi kukukataa."

Nikamrudishia. Nikamwambia ndiyo maana siendi nalo.

Mzee Ndelilio alikuwa akisafisha bunduki nje ya nyumba yake. Nikamwambia nimesimama: "Yule mbwa alikuwa wetu. Anaitwa Karani. Sikumchanja."

"Najua. Kaka yako alimwita jina lake toka shambani hadi mtoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungefanya nini zaidi ya ulivyofanya?" Akaendelea na kitambaa chake. "Zamani nikiwapiga hawa nilikuwa nawahesabu kwa mikia. Sikuwahi kukumbuka sura ya hata mmoja. Wale wawili nimewakumbuka. Sikusamehe leo, Bibi Mifugo. Labda baadaye. Lakini kesho njoo nikufundishe kuwatambua, maana macho yangu yamezeeka na siku zimebaki ishirini."

Nilifikiri nitaumia. Badala yake nimekula sahani mbili za kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kwake.

Ijumaa, 16 Julai

Ananifundisha kwa kuchora vumbini. Kila mmoja ana madoa yake. Nimewaandika tisa kwenye daftari, kila mmoja na jina, kwa sababu sasa naandika majina. Wenyewe bado sijawaona, wamehamia kichakani na watoto, tunapata nyayo tu.

Jumatano, 21 Julai

Nyayo. Mahindi yameanza kuvunwa.

Jumatatu, 26 Julai

Mzee Ndelilio ametuma ujumbe kwa dereva wa lori la mahindi. Mmoja amejitenga na wenzake tangu jana. Jike mkubwa, mama wa wale saba. Amelala peke yake chini ya mgunga, hasogei. Ujumbe huo umepitia ofisini, Ndugu Wenseslaus ameusoma kwanza. Kesho anashuka nami, na askari watatu.

Jumanne, 27 Julai

Naandika juu ya goti, garini.

Tulifika saa tisa alasiri. Ndugu Wenseslaus na askari walibaki kwenye gari, bunduki zimejazwa. Nilimwomba aniache nione kwanza. Akatazama saa yake, akasema mpaka jua litakapogusa miti. Nikatambaa na Mzee Ndelilio hadi kwenye kichuguu, upepo ukitupiga usoni.

Ndipo nilipowaona. Masika yote nimewahangaikia na sikuwahi kuwaona. Ni wembamba, miguu mirefu, madoa meusi na manjano na meupe kama waliomwagiwa rangi tatu, masikio kama ya popo. Wanane walikuwa wamelala kando ya dimbwi la mwisho la mvua. Watoto walikuwa wanavutana mkia. Jike alikuwa mbali nao, hatua kama sitini, kichwa kwenye mchanga.

"Tazama mdomo," Mzee akaninong'oneza. Bunduki ilikuwa begani mwake tayari.

Sikuuona mdomo. Dume mmoja akaamka, akamwendea. Akatapika nyama mbele yake. Jike akainua shingo akala kidogo, na yule dume akamlamba taya zote mbili, taratibu, muda mrefu. Watoto wawili nao wakakimbilia, wakamlamba. Kama anao, basi tayari amewapa, na wote tisa na saba wamekwisha, mbele ya macho yangu, kwa kubusiana.

"Amekula," nikasema.

"Yule wa mwaka juzi alikula hadi siku ya mwisho. Hakuweza kumeza maji." Mzee alinitazama. "Wewe ndiye mwenye elimu ya hii. Sema, nipige au nisipige."

Nilijua. Koo hukaza. Mnyama anaona maji, anayataka, na koo linakataa.

"Tungoje anywe."

"Kama hanywi?"

"Tungoje."

Sijui tulingoja kiasi gani. Siafu walinipanda mguuni, nikawaacha. Nyuma yetu nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa na kufungwa. Jua lilikuwa kwenye matawi ya juu. Jike akanyanyuka. Akaanguka upande, na Mzee akavuta pumzi ya kulenga, nikamshika mkono. Akanyanyuka tena, na sasa nikaona: mguu wa nyuma ulikuwa unaning'inia, umevimba gotini, pengine teke la pundamilia. Lakini mnyama mwenye mguu mbovu anaweza kuwa na kichaa vilevile. Akaja kwa kurukaruka na miguu mitatu, akipumzika kila hatua kumi, moja kwa moja kwenye dimbwi.

Akasimama. Akayatazama maji. Akainua kichwa akatazama kichuguu chetu, na nikadhani ameona kila kitu.

Kisha akainama, akanywa. Nilisikia ulimi wake majini toka pale nilipolala. Akanywa, akameza, nikaona shingo ikifanya kazi, akanywa tena, kwa muda mrefu kama mtu aliyetoka shamba. Mzee Ndelilio akatoa risasi kwenye bunduki moja baada ya nyingine, akaweka uso wake kwenye nyasi, mabega yanatikisika.

Nimerudi garini. Ndugu Wenseslaus ameniuliza, "Enhe?" Nimemwonyesha kwa mkono: amekunywa. Akamwambia dereva asiwashe injini bado, tusiwashtue.